Maswali ya pumu ninayoulizwa dirishani

Nauza dawa kwenye famasi ndogo Ngamiani, Tanga, na nina pumu tangu nikiwa darasa la pili. Kwa hiyo maswali haya nayajua kwa pande zote mbili za dirisha. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini, mteja akishageuka kuangalia nani yuko nyuma yake. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Mimi si daktari: dawa gani na dozi gani, hayo ataamua aliyekupima.

Kama kuna mtu amebanwa saa hii hapo ulipo, usisome kwa mpangilio. Shuka moja kwa moja hadi swali la "Mtu amebanwa sasa hivi, nifanye nini?"

Pumu ni nini hasa?

Njia za hewa kifuani ni kama mti uliopinduliwa: shina liko kooni, matawi yanazidi kuwa membamba kadiri yanavyoshuka. Kwa mwenye pumu, ngozi ya ndani ya matawi hayo imevimba kidogo muda wote, hata siku anayocheka na kula pilau kama wengine. Akikutana na kichokozi, iwe moshi, mafua au vumbi, mambo matatu hutokea kwa pamoja: misuli inayozunguka matawi hujikaza, uvimbe huongezeka, na makohozi mazito hujaa. Hewa kuingia inaingia. Kazi ni kuitoa. Ule mluzi unaosikika ni hewa inayolazimisha kupita kwenye upenyo mdogo.

Mume wangu hakuwa anaelewa. Siku moja nikampa mrija wa juisi, nikamwambia azibe pua, apumue kwa mrija tu, halafu apande ngazi za ghorofa moja. Alifika ngazi ya saba akautupa.

Hivi inaua kweli, au ni kutishana?

Inaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa waliokufa ni wa nchi zenye kipato kama chetu, ambako ugonjwa haupimwi mapema na dawa hazifiki.

Lakini usidhani ni shida ya nchi maskini peke yake. Uingereza, ambako inhela, kile kikopo cha dawa ya pumu ya kuvuta mdomoni, hutolewa kwa cheti cha daktari na hospitali haziko mbali, walikaa wakachunguza vifo vya pumu kimoja baada ya kingine, ripoti ikatoka mwaka 2014. Katika vifo 195 walivyovichambua, karibu nusu ya wagonjwa walikufa kabla ya kutafuta msaada au kabla msaada haujawafikia. Zaidi ya nusu walikuwa wakitibiwa kama watu wenye pumu nyepesi au ya wastani. Na katika wagonjwa 165 ambao idadi ya inhela zao za kutuliza, zile za bluu, ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 ndani ya mwaka mmoja. Zaidi ya moja kila mwezi.

Niliposoma namba hiyo ya mwisho nilimkumbuka kijana mmoja, fundi seremala. Alikuwa akija kila baada ya wiki mbili hivi, vumbi la mbao kwenye nywele, hela ameshaikunja mkononi: "Dada, ile ya bluu." Nilimuuzia karibu mwaka mzima. Mteja mzuri, hakopi, hasumbui. Mwezi wa saba hakuja. Akaja mdogo wake kununua Panadol za watu waliokesha msibani.

Siku hizi mtu akiniomba ya bluu namwuliza ya mwisho alinunua lini. Wengine hukasirika. Nawaacha wakasirike.

Inhela ya bluu na ya kahawia zina tofauti gani?

Hili ndilo swali, na laiti kila mwenye pumu angeuliza hili kabla ya mengine yote.

Ya bluu kwa kawaida ni salbutamoli, ambayo wengi huiita Ventolin hata kama boksi limeandikwa jina jingine. Hulegeza ile misuli iliyojikaza. Unavuta, dakika chache tu kifua kinafunguka, na baada ya saa nne hadi sita nguvu yake imekwisha. Uvimbe wa ndani haiugusi kabisa.

Ya kahawia, au ya rangi nyingine kutegemea kiwanda, ndiyo ya kuzuia, na ina steroidi ya kuvuta: beklometasoni, budesonidi na wenzake. Hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe. Haikupi nafuu ya papo hapo, na hapo ndipo watu wanapoichoka: anavuta siku tatu haoni tofauti, anaitupa kabatini. Inahitaji siku kadhaa, mara nyingi wiki moja au mbili, ndipo uanze kushangaa kwamba umelala hadi asubuhi bila kukohoa.

Chukulia bati linavuja. Ya bluu ni kudeki sakafu. Ya kahawia ni kupanda juu ukazibe tundu. Ukideki kila siku sakafu itakauka, na mbao za dari zinaendelea kuoza.

Wataalamu wa dunia wa pumu, chombo kinachofahamika kwa kifupi kama GINA, mwaka 2019 walibadili mwongozo wao: mtu mzima au kijana wa kuanzia miaka 12 asitibiwe tena kwa salbutamoli peke yake, hata kama pumu yake ni nyepesi. Awe na dawa yenye steroidi ndani. Siku hizi kuna inhela moja yenye budesonidi na formoteroli kwa pamoja, ambayo daktari anaweza kukuandikia uitumie kuzuia na kutuliza vilevile. Mwulize kama inapatikana na kama inakufaa. Bei yake ni ya juu kuliko ya bluu, sitakudanganya. Beklometasoni ya kawaida huwa nafuu, na inafanya kazi.

Kipimo changu cha dirishani ni hiki: inhela ya bluu ina mipulizo 200. Ukimaliza tatu au zaidi kwa mwaka, uko kwenye hatari ya kubanwa vibaya. Ukifikia moja kwa mwezi, hatari ni ya kifo. Usisubiri kubanwa, nenda kliniki ukiwa mzima, na inhela zako mkononi.

Si nasikia inhela inazoesha? Ukianza huachi.

Nimelisikia hili kwa mama mkwe, kwa kondakta, na mara moja kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Hakuna dawa ya kulevya ndani ya inhela. Anayevuta kila siku anavuta kwa sababu ugonjwa upo kila siku, kama mwenye presha anavyomeza kidonge chake kila asubuhi na hakuna anayemwita teja.

Na ile ya "inhela ni hatua ya mwisho, mtu akipewa ujue amekwisha"? Ni kinyume chake. Inhela ni ya kuanzia. Anayefikia kudungwa sindano na kuwekewa oksijeni mara nyingi ndiye aliyeiogopa.

Steroidi hazitanivimbisha uso?

Tazama kipimo. Mgonjwa mzima aliyebanwa vibaya hupewa vidonge vya prednisoloni, tuseme miligramu 40 kwa siku. Hizo ni maikrogramu 40,000. Mpulizo mmoja wa inhela ya kuzuia huwa na maikrogramu 100 au 200, na unakwenda moja kwa moja kifuani. Kuvimba uso, mifupa kudhoofika na sukari kupanda ni mambo ya vidonge vinavyomezwa kwa muda mrefu au mara kwa mara. Ukivuta ya kahawia vizuri ndiyo unavyovikwepa vidonge.

Madhara madogo yapo. Utando mweupe mdomoni na sauti kukwaruza: sukutua maji na kutema kila unapomaliza kuvuta. Kwa watoto wanaotumia muda mrefu, kimo kinaweza kupungua kama sentimita moja hivi. Mtoto anayekesha akikohoa naye hakui vizuri, na huyo hakuna anayempima kwa rula.

Kwa nini nisipewe vidonge tu? Inhela naona aibu.

Kidonge cha salbutamoli cha miligramu 4 kina dawa sawa na mipulizo 40 ya inhela. Mipulizo arobaini! Na bado kinachelewa, kwa kuwa lazima kipite tumboni, kiingie kwenye damu, kizunguke mwili mzima, ndipo kidogo kifike kwenye mapafu. Kwa hiyo mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, na kifua bado kinabana. Vidonge hivi bado vinauzwa sana kwa sababu ni rahisi na havionekani. Kwenye maduka mengine utafungiwa karatasi yenye cha kifua, cha aleji na antibayotiki humohumo, uambiwe "kunywa kutwa mara tatu". Mimi sifungi karatasi hizo tena.

Aibu naielewa. Sekondari nilikuwa navutia chooni. Ushauri wangu ni mmoja: vuta mbele ya mtu mmoja unayemwamini, aone, aulize. Siku ukibanwa huyo ndiye atakayejua mfuko gani wa kuchakura.

Navuta kila siku mbona hainisaidii?

Naomba unioneshe unavyovuta. Hapo ndipo ninapoona: mmoja haitikisi, mwingine anapulizia ulimi, mwingine anabonyeza kwanza halafu anavuta, dawa inabaki mdomoni anaimeza. Mzee mmoja alikuwa anajipulizia kifuani juu ya fulana, kama anapaka dawa ya kuchua. Wala sikumcheka, aliyempa hakumweleza.

Vua kifuniko, uchungulie usije ukavuta takataka. Tikisa. Toa hewa yote nje. Bana mdomo wa inhela kwa midomo, anza kuvuta hewa polepole, na papo hapo bonyeza mara moja huku ukiendelea kuvuta hadi kifua kijae. Zuia pumzi hesabu kumi. Kama ni mipulizo miwili, pumzika nusu dakika, tikisa, rudia. Inhela mpya, au iliyolala siku kadhaa bila kutumika, puliza hewani mara mbili kwanza. Zile za unga zina utaratibu wake tofauti: hazitikiswi na huvutwa kwa nguvu. Soma karatasi ya ndani.

Spesa ni nini, na ni lazima ninunue?

Ni chombo chenye uwazi ndani kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Dawa inatulia humo, unaivuta kwa pumzi za kawaida. Mtoto hawezi bila hicho, na mtu mzima aliyebanwa pia hafai kukikosa. Ukiipata ya dukani nunua, na ya mtoto mdogo iwe na kinyago.

Ukikosa, chupa ya maji ya nusu lita inatosha. Si ubunifu wangu: madaktari wa watoto Cape Town, Afrika Kusini, waliipima wakilinganisha na ya dukani, wakachapisha matokeo mwaka 1999, na ile ya chupa ilifanya kazi vizuri kama ya kununua. Osha chupa, iache ikauke. Pasha waya moto, utoboe kitakoni tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, inhela iingie kwa kubana, kusiwe na upenyo. Pembeni zungushia gundi au utepe. Mtoto anavutia pale pa kunywea. Mpulizo mmoja, pumzi nne hadi tano, kisha mpulizo mwingine. Usipulize miwili kwa pamoja.

Ioshe kila wiki kwa maji ya sabuni ya vyombo na iache ijikaushe yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa plastiki inashika umeme ule unaonasa vumbi, na dawa nayo itanasa humo humo.

Mtu amebanwa sasa hivi, nifanye nini?

Mkalishe wima, ameinama kidogo mbele, mikono juu ya magoti au meza. Usimlaze. Legeza khanga, kola, sidiria. Zima jiko, toa ubani, watoe watu waliojazana mlangoni.

Mpe inhela ya bluu kwa spesa, kile chombo kinachokaa kati ya inhela na mdomo, au kwa chupa yenye tundu: mipulizo minne, mmoja mmoja, kila mmoja avute pumzi nne. Subiri dakika nne. Kama hajapata nafuu mpe mingine minne, na safari ya hospitali ianze. Njiani endelea hivyo hivyo. Salbutamoli ya kuvuta ikimtetemesha mikono si kitu. Usiache kwa sababu hiyo.

Usingoje hata hizo dakika ukiona hawezi kumaliza sentensi moja bila kukatika. Ngozi ya shingoni na katikati ya mbavu inadidimia kila anapovuta. Mtoto hawezi kunyonya. Amechoka, anasinzia au anaongea visivyoeleweka. Sisi weusi usitafute ubuluu usoni, funua mdomo utazame ulimi na ufizi: ukiona kijivu, kuchelewa ni kifo.

Na hili naomba uwasomee wote nyumbani: mluzi ukinyamaza ghafla na mtu bado anahangaika, hajapona. Hewa imekuwa haba mno hata kufanya sauti. Ndugu huambiana "afadhali, kifua kimetulia," wakamfunika shuka.

Usafiri uwe bajaji au gari ambamo mtu atamshika akiwa amekaa. Bodaboda ni pale tu ambapo hakuna kingine, na abanwe katikati ya watu wawili, kwa kuwa aliyekosa hewa hulegea akaanguka. Chukua inhela zake zote mwende nazo.

Akiruhusiwa, amalize vidonge vya prednisoloni alivyopewa, mara nyingi siku tano hadi saba, na arudi kliniki ndani ya wiki. Siku baada ya kubanwa ndizo siku za kubanwa tena.

Nini kinaiamsha?

Mafua, kuliko vyote. Ndiyo maana miezi ya Juni na Julai tunauza inhela kuliko miezi mingine. Baada ya hapo kila mtu ana yake, na inabidi ujichunguze: andika kwenye daftari siku uliyobanwa na ulichokuwa unafanya saa chache kabla.

Nyumba za huku kwetu zina wachokozi wao. Jiko la mkaa ndani. Kuni. Dawa ya mbu ya kuchoma, ambayo inafuka usiku kucha chini ya kitanda cha mtoto. Chandarua kinafanya kazi hiyo bila moshi. Vinyesi vya mende. Ukungu wa ukutani baada ya masika. Vijidudu visivyoonekana wanaoishi kwenye mto wa sufi na godoro la zamani: anika juani, foronya ifuliwe kwa maji ya moto. Paka. Pafyumu kali. Rangi mbichi ya nyumba.

Na udi. Hapa pwani kumwambia mtu asifukize udi ni kama kumwambia asipike wali kwa nazi. Mimi mwenyewe nimekulia nyumba ya chetezo, na harusi ya dada yangu niliishia nje, nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, namsikia akiimbiwa ndani. Tuliafikiana nyumbani: nguo zinafukizwa uani, mimi nikiwa sipo, na haziingii ndani mpaka moshi umekwisha.

Kazini pia: mashine ya kusaga, unga wa mikate, vumbi la mbao, vumbi la kahawa mbichi, banda la kuku, dawa za nywele saluni. Kama unapata nafuu siku za mapumziko na Jumatatu kifua kinarudi, mweleze daktari hivyo hivyo, neno kwa neno.

Dawa nyingine nazo: aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huwabana baadhi ya wenye pumu, na propranololi ya moyo au presha ni hatari zaidi, hata dawa za macho za jamii yake. Sema una pumu kabla hujauziwa chochote.

Inaambukiza?

Hapana. Kunyweni kikombe kimoja.

Nimeoa mwenye pumu. Watoto watakuwa nayo?

Uwezekano unaongezeka, lakini si hukumu. Mimi nina watoto watatu, anayo mmoja. Linaloniudhi ni wasichana wanaoficha inhela mpaka ndoa ipite, halafu wanabanwa usiku wa kwanza na udi umejaa chumbani.

Na tendo la ndoa?

Ni mazoezi kama mazoezi mengine. Pumu ikiwa imedhibitiwa halina shida. Kama linakubana, ni dalili kwamba pumu haijadhibitiwa, na daktari anapaswa kuambiwa. Ameshasikia makubwa kuliko hayo.

Mtoto ataiacha akikua?

Wengi hupata nafuu wakifika ujana, na wengine hurudiwa ukubwani. Usisimamishe dawa kwa kubahatisha. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni vigumu hata kusema kwa uhakika kama ni pumu, kwa sababu virusi vya mafua vinaweza kuwapigisha mluzi bila pumu kuwepo. Ukiambiwa "nimonia" mara nne kwa mwaka na mtoto anapona haraka akipewa dawa ya kufungua kifua, rudi uulize. Na mtu mzima anayekohoa zaidi ya wiki mbili apimwe kifua kikuu, asijitibu pumu.

Nikivuta inhela nimefunga Ramadhani, saumu imevunjika?

Wanazuoni wamehitilafiana. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia alitoa fatwa kwamba haifunguzi. Wapo, hasa wa madhehebu ya Shafii tuliyoyazoea pwani, wanaosema inafunguza kwa kuwa kuna kitu kinaingia ndani. Mwulize sheikh unayemfuata, tena mwulize mwezi wa Shaaban, si siku umebanwa. Kwa upande wa dawa ni rahisi: ya kuzuia huvutwa mara mbili kwa siku, basi vuta wakati wa daku na wakati wa futari. Ukibanwa mchana, vuta. Hapo hakuna khitilafu ya maana: mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, ipo wazi kwenye Surat al-Baqara.

Nina mimba. Niache inhela?

Usiache. Mama akikosa hewa, mtoto anaikosa kabla yake. Dawa za kuvuta zimetumiwa na wajawazito miaka mingi, na hatari ya kubanwa ni kubwa kuliko hatari ya dawa. Mwambie nesi wa kliniki tangu siku ya kwanza, na inhela iingie kwenye mfuko wa kujifungulia pamoja na khanga na wembe.

Mwenye pumu anaweza kukimbia?

Paula Radcliffe wa Uingereza ana pumu tangu usichana wake. Mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia iliyokaa miaka 16 mpaka Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja Chicago mwaka 2019. Kwa hiyo mwalimu wa michezo asimkalishe mtoto chini ya mwembe kulinda viatu vya wenzake. Apashe mwili moto polepole, avute ya bluu robo saa kabla kama daktari alivyomwelekeza, acheze.

Shuleni niwaambie nini?

Waambie inhela inakaa na mtoto, si kwenye kabati la mwalimu mkuu lenye kufuli ambalo ufunguo wake uko kwenye semina mjini. Mwalimu wa darasa aoneshwe namna ya kuitumia. Mletee chupa yenye tundu afanye mazoezi. Na zamu ya kufagia darasa ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana: vumbi la chaki na la mchanga likinyanyuliwa na fagio kavu, hapo ndipo mimi nilipobanwa mara ya kwanza maishani. Mtoto apewe zamu ya kuteka maji, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya fagio.

Moshi wa magari nao?

London kulikuwa na binti wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyeishi karibu na barabara kubwa ya South Circular. Alilazwa mara nyingi kwa pumu, akafariki Februari 2013. Mama yake hakukubali ibaki hivyo. Desemba 2020 uchunguzi wa pili wa kisheria ukatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, na ikawa mara ya kwanza Uingereza kuandikwa hivyo kwa mtu. Sisi jirani anachoma taka za plastiki saa kumi na mbili jioni, tunafunga dirisha tu. Mwendee. Mimi nilimwendea na inhela mkononi, nikaivuta mbele yake. Siku hizi anachoma mchana nikiwa kazini. Nusu ya ushindi.

Tangawizi na asali je?

Kunywa, ni tamu na zinalainisha koo. Zisichukue nafasi ya inhela. Kuhusu dawa za kufukiza na kujifusha kwa mvuke wa majani, mwenye pumu akae mbali nazo.

Nitajuaje inhela imeisha?

Kuitikisa hakukuambii kitu. Kinaweza kubaki kimiminika cha kupuliza bila dawa. Ile ya kuizamisha kwenye ndoo uone kama inaelea haina ukweli, na inaziba tundu. Zenye kaunta nyuma soma namba. Zisizo na kaunta, hesabu: ya kuzuia yenye mipulizo 200, ukivuta miwili asubuhi na miwili usiku, ni siku 50. Siku unayoifungua andika tarehe ya kuisha kwa kalamu ya wino mzito kwenye plastiki yenyewe, si kwenye boksi, maana boksi watoto watalichezea. Ya bluu chora kistari kwenye karatasi kila unapovuta, na ununue nyingine ukifika mstari wa 150. Njoo kabla ya saa tatu usiku, baada ya hapo tumefunga.